Beberu wa Mahari Aliyekusudiwa Kuwa Jiwe

Hakuna mtu katika Usambara nzima aliyeelewa mambo ya kufa vizuri kuliko Tobia. Alikuwa na shahada ya jiolojia na koti la mitumba la vifungo sita, na hizo zikiwa enzi za ruksa, mitumba imeruhusiwa, vyote viwili alivivaa mchana kutwa.

Siku ya kupeleka mahari kwa kina Janeth, alinunua beberu mnadani Mombo, akampandisha kwenye keria, juu ya paa la basi, na kumfunga mwenyewe, fundo la kitaalamu. Basi lilipofika Lushoto, fundo lilikuwa zima. Beberu hakuwa.

Kwa mzee Silvano, baba yake Janeth, beberu wa mahari huingia uani kwa miguu yake, wajomba wakimkagua. Huyu aliingia begani kwa Tobia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbuzi amelala?"

"Amekufa, baba. Lakini kitaalamu hiyo ni hatua ya kwanza tu."

"Ya pili ni ipi, mwanangu?" akauliza mama Efrazia, mke wa mzee.

"Tumzike upesi kwenye tope la bondeni, kabla mbwa hawajamfikia. Nyama itaoza, mifupa itabaki. Maji yenye madini yatapenya ndani ya mifupa kidogo kidogo, mpaka igeuke jiwe. Hicho ndicho kisukuku. Mbuzi wa wenzangu huliwa Jumapili akaisha. Wangu haishi."

Wajomba wakatazamana. Janeth, mlangoni, akajifunika uso kwa kanga.

Mzee akampa jembe. Tobia akamzika beberu kando ya kabichi, kisha akarudi na kuketi kwenye kiti cha mkwe bila kukaribishwa.

"Umeeleza vizuri," alisema mzee. "Atakuwa jiwe lini?"

Katika sayansi Tobia hakuwahi kudanganya. "Miaka elfu kumi, baba. Udongo ukikubali."

"Na usipokubali?"

"Ataoza pamoja na mifupa."

Wazee wakanong'onezana Kishambaa, wakaafikiana.

"Mahari tumeyapokea," alisema mzee. "Akishakuwa jiwe, njoo umchukue Janeth."

Tobia akafungua vifungo vyote sita.

"Basi la kushuka Mombo lipo saa nane," Janeth akasema taratibu, "na mnada bado haujafungwa."

Tobia alikuwa amekwisha kusimama.

"Ila wakati wa kupanda kurudi huku, mwanangu," akasema mama Efrazia, "mbuzi mpe kiti. Kwenye keria kaa wewe."