Risasi za Rangi ya Kucha

Jumatatu, 4 Machi

Fedheha! Des Tranter, kapteni wa klabu yetu ya shabaha hapa Wirrabilla, amebandika ukutani majina ya timu ya Ngao. Langu halimo. Nafasi ya mwisho ameiacha wazi, eti tuigombee Jumapili, mimi na Shirl Dabney. Shirl! Mwanamke wa miaka sabini na nne, mwenye nyonga ya chuma, anayefuma soksi kati ya risasi na risasi.

Des akanivuta pembeni kwa upole wa kuudhi. Eti nafumba macho kabla ya kufyatua. Eti bega langu linaruka kama mtu aliyetekenywa. Nikamwambia ni upepo.

"Upepo gani huo, Nev, unaokuvumia wewe peke yako?"

Watu wakacheka. Shirl alicheka kuliko wote.

Ukweli, kwa kuwa humu hasomi mtu: nafumba. Bunduki ya marehemu baba ina teke la punda, na bega langu sasa lina rangi ya bilinganya. Lakini tangu nimuoe Lorna sijakosa hata mwaka mmoja kwenda Tolbarook, kwa wapinzani wetu, kugombea Ngao. Baba naye hakukosa. Nikibaki nyumbani siku hiyo sijui nitauweka wapi uso wangu.

Jumanne, 5 Machi

Ubongo umeamka! Nitajitengenezea risasi dhaifu. Baruti kidogo, teke kidogo. Kitabu cha vipimo kina ukurasa mzima wa risasi za mazoezi. Miaka yote nimeuruka nikidhani ni wa watoto.

Nimeshinda bandani. Nikafuata kitabu neno kwa neno, mizani mbele yangu, redio nimeizima. Maganda yamejipanga kwenye ubao, mazuri kweli. Tatizo moja: kwa nje, risasi dhaifu na risasi kali ni pacha. Dawa: kuzipaka rangi kwenye kitako. Rangi pekee iliyomo nyumbani ni ya kucha za Lorna. Waridi.

Nusu ya chupa imeishia vidoleni mwangu. Lorna kaniangalia mikono wakati wa chakula, akaniuliza kama kuna jambo ningependa kumwambia. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema yuko tayari kunisikiliza wakati wowote.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi! Nimekwenda malishoni kwa shemeji, kwenye lile tuta kubwa la bwawa. Nikasimamisha karatasi ya shabaha, nikapima umbali uleule wa Jumapili. Hakuna mtu. Kondoo tu.

Pu! Basi. Si ule mlio wa kawaida unaopasua masikio. Pu, kama mtu kafunga mlango wa kabati. Kondoo hawakuinua hata vichwa. Bega kimya. Na macho yangu wazi wakati wote! Risasi dhaifu huzama haraka, kwa hiyo kilengeo cha nyuma cha bunduki nimelazimika kukipandisha karibu na kikomo. Baada ya hapo zote zikaanza kuingia kwenye duara jeusi. Niliruka. Kondoo wakanitazama hapo.

Nikiwa njiani kurudi nikapata wazo kubwa zaidi. Kwa nini ziwe za mazoezi tu? Kanuni za klabu hazisemi popote kwamba Jumapili sharti mtu apigwe teke. Lorna kasema za mazoezi ni za mazoezi. Nikamkumbusha kwamba upande wa kufikiri nausimamia mimi.

Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Shirl alitangulia. Alipiga vizuri mno, akarudi kwenye soksi yake. Zamu yangu. Lorna alikuwa handakini chini ya shabaha, maana wiki hii zamu ya kuonyesha alama ni yake. Kazi yenyewe rahisi. Unakaa nyuma ya tuta, risasi inapita juu yako na mlio wa mjeledi, unashusha shabaha, unabandika alama kwenye tundu, unaipandisha tena. Nimeifanya mwenyewe mara zisizo na hesabu.

Nikafyatua. Pu! Macho wazi, bega kimya. Nikangoja shabaha ishuke. Haikushuka.

Maana yake nimekosa. Nikalenga upya. Pu! Kimya. Pu! Kimya. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Des akaanza kukohoa kile kikohozi chake. Nilipomaliza risasi zote, shabaha ilikuwa imesimama palepale, na mimi nilitamani bwawa la shemeji linimeze.

Ndipo redio ya mkononi ikalia. Lorna.

"Jamani, huko juu vipi? Nev kashalala? Chai yangu inapoa huku."

Des akamwambia Nev kamaliza zamani.

"Kamaliza nini? Mimi sijasikia kitu!"

Kumbe! Mlio wa mjeledi huletwa na kasi. Risasi zangu zilipita juu ya kichwa chake polepole kama wageni wenye adabu. Ile pu ya mbali Lorna alidhani ni mlango wa choo. Akashusha shabaha, akahesabu matundu, kisha akapiga kelele redioni mpaka Des akaisogeza mbali na sikio. Zote ndani ya duara jeusi! Unaweza kuzifunika kwa kisahani cha kikombe!

Nilifurahi, kisha nikamwona Des anatikisa kichwa. Kila risasi sharti ipewe alama kabla ya inayofuata. Zisizo na alama hazihesabiwi. Akaokota ganda moja, akaona waridi, akanishika mkono, akatazama kucha zangu.

"Mmeenda saluni pamoja, wewe na bunduki?"

Niliumia, kusema kweli. Nikaanza kufunga begi langu. Ndipo Shirl, bila kuinua macho kwenye sindano zake, akasema hataki nafasi ya bure.

"Arudie. Ila mpeni risasi za watu wazima."

Wakanipa za klabu. Nikalala chini bila tumaini lolote, nikafyatua. Bega likapigwa. Na juu kabisa ya shabaha, kibao cha namba kikaruka vipandevipande.

Kilengeo! Nilisahau kukishusha.

Watu wanashikilia mbavu, Lorna anauliza redioni nani anamrushia mbao. Mimi nimeganda. Kwa sababu niliviona! Niliona vipande vikiruka, kimoja kimoja. Sijui mara ya mwisho ni lini nilipoona risasi yenye teke ikitua. Macho yalikuwa wazi.

Nikashusha kilengeo. Zilizobaki nilizipiga moja baada ya nyingine, na shabaha ikawa inashuka na kupanda, inashuka na kupanda. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Nimempita Shirl kwa pointi moja.

Shirl kanipa mkono, kaniita mwizi wa kucha, na kuahidi kuja Tolbarook kunizomea. Lorna alipanda kutoka handakini na vumbi la mbao kichwani, akanibusu mbele ya kila mtu. Nilikaribia kulia. Des ananidai kibao.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi na mapema bandani. Nimekaa, nimetafakari kosa lilikuwa nini, na nimelipata. Sauti! Risasi zangu hazikuwa na upungufu wowote ila sauti. Na Tolbarook, anayekaa handakini ni mtu wao, si Lorna. Wale wako radhi kutosikia hata radi.

Kwa hiyo kwa ajili ya Ngao natengeneza risasi kali. Kali kuliko za klabu, pale juu kabisa kitabu kinaporuhusu. Waisikie! Nimejaribu chache kwa shemeji. Kondoo wamevunja uzio. Bega limerudi rangi ya bilinganya, na ya mwisho sikuona ilitua wapi. Jua lilikuwa kali.

Lorna kasema za klabu za kawaida zilitosha jana, na mazoezi na zile dhaifu ndiyo yaliyonifumbua macho. Maskini, haelewi sayansi.

Kimebaki kitu kimoja, kuzipaka rangi hizi kali zisichanganyike na zile dhaifu. Nimepekua droo zote. Iliyopo ni waridi tu.

Basi, waridi. Nitakumbuka zipi ni zipi.