Ombi la Uhamisho la Mbwa wa Fundi Hashimu

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Ndugu Shafii,
Chuno, Mtwara.

9 Mfungo Mosi

YAH: MALALAMIKO YA KUFANYISHWA KAZI YA UJUMBE, NA OMBI LA KUHAMISHIWA MADIMBA

Ndugu Mwenyekiti,

Kabla ya yote nakuomba radhi kwa siku ile nilipokubwekea ulipokuja kuandikisha kaya. Sikujua cheo chako. Niwie radhi pia kwa mwandiko. Natumia mguu wa mbele wa kulia, maana kwa wa kushoto si adabu.

Mimi ni mbwa wa Fundi Hashimu, mshona kanzu, na mkewe Bi Rukia, yule muuza vitumbua. Nililetwa hapa miaka minne iliyopita kutoka Madimba, shambani kwa Bi Mwasiti, mamake Bi Rukia, ambako wazee wangu hufukuza ngedere kwenye mihogo. Kazi niliyopewa ni moja: kulinda kuku. Nalala uani, ndani siingii, na sheria hiyo sina ugomvi nayo. Mara moja tu pua yangu mbichi iligusa kanzu ya Fundi. Kanzu ikaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mimi tangu nizaliwe sijaoshwa hata mara moja, na sikulalamika. Ninayolalamikia ni haya.

1. Kubadilishiwa jina bila kushauriwa.

Jina langu ni Kamanda. Siku ya kumi ya Ramadhani, jirani yetu Bi Somoe alileta bakuli la pweza wa nazi, kama majirani wanavyopelekeana futari. Fundi Hashimu alionja, akafumba macho, akasema, "Huyu mwanamke anajua nazi." Maneno manne. Bi Rukia alikuwa amesimama na birika la uji. Aliliweka chini, akaingia ndani, na kuanzia jioni ile hakumsemesha tena mumewe.

Asubuhi yake alikwenda kwenye ua wa michongoma, upande wa Bi Somoe, akapaza sauti: "Hayawahusu! We Hayawahusu, njoo!" Nikatazama huku na huku kumtafuta mwenye jina. Kumbe mimi. Nikaenda mbio, mkia juu. Hakuwa na kitu mkononi. "Rudi," akaniambia. Siku hiyo niliitwa mara kumi na moja na kurudishwa mara kumi na moja. Bi Somoe naye, asikubali kushindwa, akampa paka wake jina la Yatawashinda. Paka yule hapati tabu, maana hajawahi kuitika tangu aumbwe. Mimi nimelelewa.

2. Kupewa ujumbe bila mafunzo.

Mume na mke wakikaa nyumba moja bila kusemezana, mambo ya kuambiana hayapungui. Mtoto wao, Zulfa, kaolewa Mikindani. Nikabaki mimi. Bi Rukia alisimama mlangoni, Fundi kakaa hatua tatu tu kutoka kwake, akaniambia mimi: "Mwambie bwana wako futari ipo jamvini." Fundi akanijibu mimi: "Mwambie bibi yako nimesikia." Nilimtazama huyu, nikamtazama yule, mpaka shingo ikauma. Sikukosea ujumbe hata mmoja, wala sikuongeza chumvi, sifa ambayo katika mtaa wako wapo watu wazima hawanayo.

Siku ya Idi Fundi alirudi kutoka kuswali, kavaa kanzu mpya aliyoishona mwenyewe. Akasimama mbele ya mkewe, akaniinamia mimi. "Mwambie bibi yako Idi Mubarak." Bi Rukia aliitazama kanzu ile kwa muda mrefu. "Mwambie bwana wako na yeye pia." Nikatikisa mkia kwa niaba ya pande zote mbili.

3. Kulishwa ugomvi.

Bi Rukia alianza kupika pweza wa nazi kila siku, akimtengea mumewe bila neno. Fundi akauona mtego: akisifu, ataulizwa mbona siku zote alikuwa kimya, asiposifu, amekwisha. Akaamua kutomgusa. Pweza nikamwagiwa mimi. Sisemi hakuwa mtamu. Nasema kwamba mbwa anayenenepa kwa ugomvi wa mabwana zake halali vizuri, maana anajua wakipatana atarudi kwenye ukoko wa ugali, na nafsi yake inaanza kuwaombea mabaya. Wapo wengi wanaoishi hivyo, tena wamevaa suti. Mimi naona haya.

4. Kulowa mvua kazini.

Siku ya ishirini na tatu ya ugomvi, mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Bi Rukia alitoka ndani kavaa baibui, mkoba mkononi. Nikaitwa. "Mwambie bwana wako naenda Madimba kwa mama. Sijui nitarudi lini."

Fundi alikuwa barazani kwenye cherehani. Aliacha kukanyaga. "Mwambie bibi yako..." akaanza. Nikangoja. "Mwambie..."

Hapo ndipo nilipochoka, Ndugu Mwenyekiti. Nilikwenda kwenye kilango cha uani nikajilaza kwa upana, mwili mzima umelowa, kutoka nguzo hii hadi nguzo ile. Kupita bila kunigusa haikuwezekana, na baibui likinigusa ni kuoshwa mara saba. Alinifukuza kwa mdomo, alinitishia kwa mwavuli, sikuondoka. Mwishowe akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya bakuli lile akamtazama Fundi usoni.

"Mwondoe mbwa wako."

"Simwondoi."

"Baba Zulfa, niondolee mbwa nipite."

"Kwa sababu ya pweza, Mama Zulfa? Nyumba ivunjike kwa pweza?"

Bi Rukia akauachia mkoba, ukaanguka kwenye maji. "Pweza? Miaka ishirini na mbili nakupikia. Mtaa mzima wananisifu mpaka watoto wadogo. Wewe hujawahi kuniambia hata 'imeiva.' Siku unafungua mdomo, unamsifu Somoe!"

Mvua ilipiga bati. Fundi alikuja mpaka pale tulipo, bila kofia, kanzu imemganda mwilini. "Mimi nilidhani," akasema taratibu, "kumaliza sahani ndiyo kusema."

Bi Rukia alilia, kisha akacheka huku analia, akamwita mjinga wa mwisho. Fundi akauokota mkoba. Waliingia ndani pamoja, mlango ukafungwa. Mimi nilibaki pale kilangoni, nanyeshewa.

5. Kuachishwa kazi bila notisi.

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Tangu siku hiyo wanasemezana wenyewe, asubuhi hadi jioni, tena mambo yasiyo na uzito: chumvi, mvua, meno ya Zulfa alipokuwa mdogo. Fundi akila tonge moja, anasifu; akila la pili, anasifu; juzi alisifu maji ya kunawa. Mimi hakuna aliyeniambia ahsante. Jana nilijipeleka mwenyewe nikakaa katikati yao, nikaanza kumtazama huyu na yule kwa utaratibu wa kazi. Bi Rukia akauliza, "Huyu mbwa ana nini?" Fundi akasema huenda ana minyoo.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ikiwa kupewa kazi isiyo yangu ilikuwa dhuluma, kunyang'anywa kazi hiyo nikiwa nimeshaizoea ni dhuluma kubwa zaidi. Naomba uwaamuru wasisemezane walau siku mbili kwa wiki. Jumatatu na Alhamisi zitafaa. Ikishindikana, nihamishie Madimba kwa Bi Mwasiti nikafukuze ngedere, viumbe wanaogombana papo hapo na kumaliza papo hapo, bila kumtuma mtu.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wako wote, na yule mbuzi wako mweupe, ambaye kwa kweli sikumfukuza. Alianza kukimbia mwenyewe.

Ni mimi mlinzi mtiifu wa kuku,

Kamanda
(kwa sasa Hayawahusu)

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, mara Bi Mwasiti akaingia kutoka Madimba na kamba mpya mkononi. Ngedere wanaimaliza mihogo shambani, anataka mbwa leo hii. Ombi langu limekubaliwa kabla halijafika kwako. Nimejificha nyuma ya tangi la maji. Sehemu hii ya barua naiandikia huku. Wananitafuta wote watatu na sijaitika. Sasa hivi nimemsikia Fundi Hashimu, yule mtu asiyejua kusema, akimwambia mkwewe, "Mama, tuwie radhi. Huyu hatutoi. Huyu ni mtu wa nyumbani."

Tafadhali usiisome barua hii. Kama umeshaisoma, usiipige mhuri. Na mtu yeyote wa Madimba akija ofisini kwako kuniulizia, hunijui.