Chui wa Jicho Moja

Bwana Pori hakuwahi kufika porini. Jina hilo alilipata kwa koti lake la kijani lenye mifuko kumi na mmoja, yote mitupu. Alikuwa akilala chumba cha nyuma cha studio ya shangazi yake, mpiga picha za pasipoti, na shuka lake lilikuwa pazia lile lile la bluu ambalo wateja hukalishwa mbele yake. Kila siku saa mbili asubuhi shangazi alilivuta kwa nguvu, akaenda kulitundika. Mtu mzima mwenye ndevu, anaamshwa kwa kuvuliwa pazia! Jambo hilo lilimuuma kuliko anavyokubali.

Ndiyo maana siku moja kwa kinyozi, aliposikia habari ya chumba cha bure, masikio yalimsimama.

"Hoteli ya kule juu wana picha ya simba ukutani," mwenye hoteli ya jirani alikuwa akilalama, povu tele mashavuni. "Mimi nina picha ya matofaa. Wageni wanaipita kama hawaioni. Nikipata wa kunipigia mnyama mkali, nampa chumba namba saba mwaka mzima, na chakula juu!"

Bwana Pori alikuwa kwenye benchi akisoma gazeti la watu. Aliinuka, akafunga vifungo vya koti taratibu.

"Mzee wangu, samahani kwa kuingilia. Ukitundika simba wa mbali, mgeni atajiuliza kwa nini amelala kwako. Wewe unamtaka chui. Tena chui wa bustanini kwako."

"Bustanini kwangu hakuna chui."

"Umewahi kumwona?"

"Sijawahi."

"Basi ndiye chui huyo. Anayeonekana kirahisi ni paka."

Kinyozi aliusimamisha wembe hewani. Mwenye hoteli alifikiri, na sura yake ikaanza kulainika kwa tamaa. Akilini alikwisha kumwona mgeni akiangalia dirishani kwa woga, na bei ya chumba ikipanda.

"Una kamera kubwa?" aliuliza.

"Ndogo, ya bei chee, na nasema bila aibu. Zile kubwa zinang'aa. Chui akijiona kwenye kioo, anatimka."

Kamera yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa ya shangazi. Kioo chake cha nyuma kilikuwa kimekufa, na kifuniko cha betri kilishikwa na mpira wa kufungia noti. Shangazi alikuwa ameifunga kwa gundi ya karatasi upande mmoja wa darubini kuukuu ili ione mbali, akawa anailaza juu ya mfuko wa mchele kwenye dirisha la nyuma, linalotazama ukuta wa hoteli. Mteja akikosekana, anawinda picha za ndege na wanyama. Alimsubiri ndege mdiria siku nne hadi akampata na samaki mdomoni. Mara mbili alipeleka bahasha ya picha zake hotelini, na mara mbili mlinzi akamrudisha getini akimwambia hawahitaji picha za pasipoti. Alirudi, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

"Nikikuazima, utanitaja?" alimuuliza mpwa wake.

"Kwa herufi kubwa, shangazi."

"Na siku ya kutundika nitaingia humo ndani?"

"Picha utaibeba wewe mwenyewe. Mlinzi atakufungulia geti kwa mikono miwili."

Shangazi akampa kamera na mfuko wa mchele.

Chui alipatikana kwenye dirisha la duka la nguo za watoto: mdoli mnene wa chui, saizi ya ndama. Bwana Pori alimweleza mwenye duka kwa huzuni kubwa kwamba mdoli ana nondo, na kwamba asipofukizwa haraka nguo zote zitaliwa. Mwenye duka, mama wa watu, alimshukuru na kumfungulia mlango. Njiani jicho moja, lililokuwa kifungo tu, lilidondoka. Bwana Pori hakujali. Chui wa kweli huwa na makovu.

Alfajiri iliyofuata alimchomeka mdoli vichakani hotelini, akaweka kamera juu ya mchele, akabonyeza. Cha! Akakimbia kwenda kumchukua kabla mtunza bustani hajafika. Alipogeuka akiwa amempakata mnyama wake kifuani, ikasikika tena: cha! Alidhani kamera inakohoa kwa uzee.

Hapa msimulizi analazimika kumlaumu. Miaka mitatu alilala katika studio hiyo bila kuuliza lolote kuhusu kazi. Angeuliza, angejua kwamba kamera ya shangazi hupiga mara mbili kila ikibonyezwa, ya pili baada ya kitambo, kwa sababu wateja hufumba macho picha ya kwanza.

"Chapa ile ya kwanza, kubwa kama mlango. Kilichofuata ni kikohozi cha kamera tu," alimwagiza shangazi. Kisha akamrudisha mdoli dukani, akaenda kunyoosha koti.

Siku ya kutundika, mwenye hoteli alialika wageni wote ukumbini, hata wa hoteli ya kule juu. Shangazi aliibeba picha mwenyewe, imefungwa kwa karatasi ya kaki. Mlinzi alifungua geti. Bwana Pori, ufunguo wa namba saba tayari ndani ya mmoja wa mifuko yake kumi na mmoja, alihutubia kuhusu subira na hatari. Kisha mwenye hoteli akaivuta karatasi.

Pale ukutani alikuwepo Bwana Pori, amemkumbatia mdoli kama bibi harusi, na juu ya ukuta nyuma yake tumbili watatu wa kweli, mmoja amejishika kichwa kwa mshangao.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko.

"Shangazi!" Bwana Pori alinong'ona, jasho likimtoka. "Nilisema ya kwanza!"

"Ya kwanza chui ana jicho moja, baba. Studio yangu haitoi picha ya jicho moja."

Mwenye hoteli alikuwa ameiva kwa hasira, mkono umeshanyanyuka kumwita mlinzi. Lakini wageni walikuwa wamejazana mbele ya picha. "Hawa tumbili wanakuja kila siku?" mmoja aliuliza. "Chumba kipi kinawaona?"

"Namba saba," alijibu shangazi, akifungua mkoba. "Na mdiria huyu je? Na kenge wenu wa kwenye mfereji? Wote ni wa hapa, wote wazima." Alizipanga picha mezani moja moja, kwa maana alikuwa ameingoja meza hiyo miaka mingi.

Mwenye hoteli aliziangalia, akawaangalia wageni, akanyoosha kiganja kwa Bwana Pori. Ufunguo ulipita ukaenda kwa shangazi.

Siku iliyofuata, saa mbili asubuhi, Bwana Pori alilitundika pazia mwenyewe, maana shangazi alikuwa amehamia namba saba na studio ilihitaji mtu. Mteja wa kwanza alikuwa mwenye duka la nguo za watoto, akihema kwa uzito wa mdoli.

"Kila mtu anakuja kumwangalia," alisema kwa furaha, akimkalisha chui kwenye kigoda. "Nataka picha yake rasmi. Hakikisha macho yote mawili yanaonekana, nimemshonea jipya. Na nondo, hata mmoja sijamwona! Ulimfukiza vizuri."

Bwana Pori alibonyeza. Kisha akatulia, akasubiri ya pili.