Koti la Mzazi

Jumatatu, 3 Februari

Wakhisi amepata koti. Naanza na hilo kwa sababu tangu asubuhi sijafikiria kitu kingine. Koti la buluu, zipu mpaka shingoni, na mgongoni maandishi ya manjano: MZAZI. Chini yake: ZIWA BORA AKADEMI. Mtoto wake Robinson amechukuliwa na akademi hiyo kucheza mpira, na huko kila mzazi hupewa koti.

Wakhisi ni jirani yangu wa ukuta mmoja, fundi wa kuchomelea mageti. Leo kachomelea geti akiwa amelivaa. Mtaa huu wa Kondele, saa nane mchana, jua la kupasua mawe! Jasho lilimtiririka mpaka viatuni. Hakulivua. Nilimpongeza kwa shida.

Mimi pia nina mtoto. Sheryl, miaka kumi na mmoja, anachezea Nyota ya Kondele, timu ya wasichana ya Mwalimu Kageha. Asubuhi mama huyo huuza mboga soko la Kibuye, jioni hupuliza filimbi nyuma ya kanisa. Timu haina basi. Haina koti. Ina filimbi moja na sufuria ya uji wa mtama, mchachu, hauna sukari, na kila mchezaji lazima amalize kikombe. Niliwahi kuuonja. Sitaki kuuzungumzia.

Nimeamua. Sheryl anahamia Ziwa Bora. Ni kwa ajili ya maisha yake. Koti ni jambo la pili kabisa. Nimejipima mabega mbele ya kioo: lile kubwa litanitosha.

Jumanne, 4 Februari

Nimefunga duka mapema. Nakodisha spika za harusi na matanga, na wiki hii hakuna aliyeoa wala aliyekufa. Nikaenda Ziwa Bora kuchukua fomu. Nyasi pale utadhani zimechanwa na kitana! Karani wao, dada mmoja aitwaye Emmaculate, kanieleza kwa upole kwamba majaribio ya wasichana ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Nikauliza kama koti hutolewa siku hiyo hiyo. Akasema tuanze na mtoto.

Fomu iliuliza nafasi ya mchezaji. Hapo pana tatizo. Sheryl ni golikipa. Golikipa hakumbukwi na mtu mpaka afungwe! Nikaandika: mshambuliaji. Fomu iliuliza mguu. Wakhisi alishanidokeza kwamba Kocha Wechuli, mkuu wa pale, ana udhaifu kwa watu wa mguu wa kushoto. Nikaandika: kushoto. Fomu iliuliza mafanikio. Hapo niliomba karatasi ya ziada.

Nyumbani nikamweleza Lornah, mke wangu. Akauliza kama nimemuuliza Sheryl. Nikasema namwandalia furaha ya ghafla. Lornah akasema haya, akaendelea kupara samaki. Nimekaa na mwanamke huyu miaka kumi na nne na haya yake bado inanitisha.

Jumatano, 5 Februari

Mazoezi ya mguu wa kushoto, uani, baada ya shule. Nilimfunga Sheryl kitambaa chekundu mguu wa kulia, kuukumbusha kwamba uko likizo. Mpira wa kwanza ulitua kwenye omena, dagaa za Dorca, mama mwenye nyumba, zilizokuwa zimeanikwa juani. Wa pili ulirudi palepale. Dorca alisema maneno fulani kwa Kijaluo. Siyaandiki, daftari hili ni safi.

Sheryl akasema, basi Baba piga wewe, mimi nidake. Akavaa glavu zake, ambazo ni za kuchomelea, alipewa na Wakhisi zilipotoboka. Nikapiga kumi. Akadaka kumi. Nikasema sasa ngoja uone shuti la mwanaume, nikarudi nyuma hatua saba, nikaja mbio, nikateleza kwenye omena. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, ingawa kiuno kilikuwa moto. Nampenda sana huyu mtoto akicheka. Hucheka kwa mwili mzima, kama mama yangu.

Alipomaliza kucheka akauliza kama nitakuja Awasi Jumamosi. Fainali ya kombe! Nyota ya Kondele na wasichana wa Awasi, saa tatu asubuhi. Mwalimu ana wachezaji kumi na mmoja kamili na golikipa ni mmoja tu.

Jumamosi. Saa tatu. Lo!

Nilifikiri haraka. Nikamwambia mechi imeahirishwa, na mazoezi pia, Mwalimu kasafiri.  Sheryl alivua glavu kidole kimoja kimoja, akaingia ndani. Nilitamani angeuliza hata kidogo.

Ni kwa ajili ya maisha yake. Wenzake wote wanasoma shule nyingine, kwa hiyo siri iko salama.

Alhamisi, 6 Februari

Asubuhi sokoni Kibuye. Nikamweleza Mwalimu Kageha kwamba Sheryl anaumwa. Malaria. Kubwa. Hawezi Awasi. Nilitegemea anipigie kelele kuhusu fainali. Wapi! Aliweka chini fungu la sukuma na macho yakajaa machozi. Akauliza tu kama mtoto anakula. Nikasema anakula kidogo. Jambo hilo lilinichoma. Nikanunua mafungu manne ya sukuma ambayo hatuyahitaji.

Jioni, kwa Wakhisi, kuomba ushauri. Kocha Wechuli anatoka Bungoma, upande wa kwao. Nilitaka kumkaribisha mbuta mzima wa kukaanga kutoka Asembo Bay. Wakhisi kanitazama kwa huruma, koti likiwa limefungwa mpaka kidevuni.

"Bwana Oluoch, mtu wa kwetu humpi samaki halafu useme umemkaribisha. Kuku! Na firigisi ikae kwa sahani yake, peke yake. Akikosa firigisi, anajua hukumheshimu."

Nimemwalika Wechuli kesho saa kumi na moja jioni. Kakubali kabla sijamaliza sentensi. Jogoo wa Lornah ndiye atakayesafiri. Nimemwambia Lornah ni mgeni wa biashara ya spika. Akasema haya.

Ijumaa, 7 Februari

Sijui nianzie wapi.

Mambo yalianza vizuri. Kocha Wechuli alifika kwa wakati, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kunong'ona. Sheryl nilimvalisha gauni la kanisani. Kuku alinukia mpaka barabarani. Firigisi niliiweka kwenye kisahani cha maua, katikati ya meza, imetulia kama mwenyekiti. Wechuli aliiona. Nilimwona akiiona! Akalegea kwenye kiti, akaanza kunieleza habari za basi la akademi. Sheryl alikuwa na paja la kuku mkononi. Mimi moyoni nilishavaa koti.

Halafu nikasikia wimbo.

Wimbo wa kanisani, sauti nyingi za wasichana, na ulikuwa unakuja. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata mbuzi wa Kondele wanalijua: ukitangaza kwamba nyumbani kwako kuna mgonjwa, watu watakuja. Na hawaji mikono mitupu.

Mlango ulifunguliwa na Lornah, bila haraka yoyote. Akaingia Mwalimu Kageha na Biblia, nyuma yake wasichana kumi wakiimba, wa mwisho wao Winny na Ajwang, wamebeba sufuria ya uji iliyoning'inia kwenye mti.

"Baba Sheryl, mgonjwa ako wapi?"

"Mgonjwa gani?" akauliza Sheryl, mdomo umejaa kuku.

Wimbo ulikufa sauti moja baada ya nyingine. Mwalimu akamshika Sheryl paji la uso, akamshika tena. Akasema malaria imemtoka huyu mtoto kwa nguvu za Mungu, lakini alisema huku akinitazama mimi. Winny akauliza kama basi kesho watakuwa na golikipa. Sheryl akasema si mechi imeahirishwa? Winny akasema nani kasema?

Watu kumi na wanne waligeuka kunitazama. Nikasema mbona hamjakaa, karibuni.

Kocha Wechuli akauliza, kwa sauti yake ileile ya kunong'ona, golikipa ni yupi, maana fomu inasema mshambuliaji wa mguu wa kushoto aliyefunga mabao sitini na mawili. Wasichana wakacheka. Sheryl hakucheka. Aliweka paja la kuku kwenye sahani akaniambia, "Baba, ungeniuliza tu." Akaenda chumbani. Ningepigwa ngumi ningeumia kidogo kuliko hapo.

Hapo hapo sote tukasikia mtu akitafuna. Ajwang, beki wa kushoto, miaka tisa, alikuwa amekaa karibu na kisahani cha maua. Kisahani kilikuwa kitupu.

Wechuli alikitazama kisahani muda mrefu. Halafu akasimama, akamshukuru Lornah kwa chakula, akaniambia nimpeleke mtoto Awasi kesho, na nikitaka kujaza fomu nyingine mwezi wa nane, ajaze mtoto mwenyewe.

Mwalimu Kageha hakupiga kelele. Alinimiminia kikombe cha uji. Nikakimaliza, wasichana wote wakishuhudia. Kisha akatoa hukumu: Jumamosi nne mfululizo nitawabebea wachezaji maji. Na kila Jumamosi, kikombe.

Lornah nilimuuliza kama alijua watakuja. Akasema Mwalimu alimpigia simu asubuhi kuuliza mgonjwa anapenda uji wa namna gani. Haya!

Jumamosi, 8 Februari

Awasi. Tulikwenda na lori la mchanga la mjomba wa Winny, Lornah naye akiwemo, tukiimba, yaani wao waliimba. Mimi nilikuwa nyuma na mitungi miwili ya maji. Sheryl alikaa mbele kabisa. Tangu jana alikuwa hajanisemesha. Asubuhi nilimpakia mkate siagi pande zote mbili, akaula bila kuniangalia.

Nilisimama nyuma ya goli lake kipindi chote cha kwanza nikiwa na mtungi kichwani, kwa sababu niliona nikiushusha nitaonekana mvivu. Wasichana wa Awasi ni wakubwa, wana miguu! Walishambulia goli letu kila dakika. Sheryl alidaka kwa kifua, kwa magoti, moja kwa shavu. Kila aliporuka nami niliruka, na maji yakanimwagikia. Mpaka mwisho, sufuri kwa sufuri. Penalti!

Sikutaka kuona. Nikafumba macho. Nikafumbua. Wao walifunga nne, sisi nne. Mpigaji wao wa mwisho alikuwa binti wa mguu wa kushoto, kweli kabisa wa kushoto. Sheryl aliruka na zile glavu za kuchomelea, akaupangua. Halafu Ajwang, yule yule, akaenda kupiga ya kwetu. Firigisi yangu ikafanya kazi. Goli!

Wenzake walimrukia Sheryl wote kwa pamoja. Alipojinasua, hakumkimbilia Mwalimu wala mama yake. Alikuja nyuma ya goli.

"Baba! Umeona?"

Nilisema nimeona. Nilikuwa nimelowa mwili mzima, kwa hiyo hakuna aliyejua yapi ni maji na yapi ni machozi. Akaniambia nisimdanganye tena. Nikaapa. Akaniambia golikipa ndiye anayeona uwanja wote, ndiyo maana anaipenda nafasi hiyo, na kwamba hataki kuhama mpaka Winny na Ajwang nao wachukuliwe. Nikasema sawa. Nikajiona mpumbavu kwa kutouliza swali rahisi kama hilo siku ya Jumatatu.

Nikamaliza kikombe changu cha uji bila kulazimishwa. Nimebadilika. Kuanzia leo hakuna mpango tena, hakuna uongo, hakuna koti.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika chini ya blanketi.

Nieleze kilichotokea. Jana Wakhisi alinijia na shida. Lazima asafiri Bungoma, na leo saa nne Ziwa Bora wana mkutano wa wazazi. Mzazi asipowakilishwa, mtoto hukaa benchi. Akaniomba nimshikie nafasi. Kwa ajili ya Robinson! Na kwa kuwa hawamruhusu mtu kuingia bila koti, ataniachia koti.

Jirani ni jirani. Lakini saa nne ndipo natakiwa uwanjani na mitungi. Nikampelekea Mwalimu Kageha ujumbe mfupi kwamba leo sitaweza, naumwa malaria. Sikumdanganya Sheryl. Niliapa kwa Sheryl, na Sheryl sikumwambia kitu chochote.

Nikalivaa koti. Wakhisi ana mabega membamba kuliko nilivyodhani, lakini nikavuta pumzi, zipu ikapanda mpaka shingoni, ikakwama hapo. Nikajitazama kioo kwa nyuma. MZAZI! Nilipendeza, acha niseme ukweli. Niligeuka mara tatu.

Mara ya tatu nikausikia wimbo.

Sasa niko kitandani na blanketi mpaka masikioni, zipu haishuki, na natoka jasho kuliko mgonjwa halali. Lornah kawakaribisha. Nimemsikia akisema mgonjwa yuko chumbani, ingieni tu. Mwalimu Kageha ameingia, amenishika paji la uso, amesema kweli ako moto, akaanza maombi marefu. Nyuma yake Sheryl ameshika kikombe kwa mikono miwili. Ameinama, ameona kola ya buluu imechungulia chini ya kidevu changu.  Alifunika kola vizuri na blanketi, akanishikisha kikombe, kisha akatoka mbio, na sasa namsikia huko nje akicheka kwa mwili mzima.

Wamekaa sebuleni. Mwalimu amemwambia Lornah watakuwa wakija kila jioni mpaka nipone, na wameacha sufuria.

Kosa langu nimeliona. Malaria haifai kabisa. Wakati mwingine nitasema ni mgongo. Sijasikia mgongo ukitibiwa kwa uji.