Jeni Zilizokaidi Salongo

Wakaaji wote wa Butembo wanajulishwa kwamba hakuna jeni inayoruhusiwa kufanya kazi zake binafsi Jumamosi, kabla salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, haijaisha saa nne.

Chef Muyisa, msimamizi wa usafi wa mtaa, alilisoma tangazo hilo kwa megafoni mara mbili, maana jeni ni ndogo na huenda hazisikii vizuri.

Ushahidi alikuwa nao mkononi. Kavuo wa maabara alikuwa amekata kipande cha uvimbe wa titi la mama Sikitu, chembamba kuliko ganda la kitunguu, na mashine yake ikachora ramani: kila jeni inafanyia kazi wapi. Penye kazi paling'aa kwa rangi nyekundu. Daktari wa Beni aliingoja ramani leo, achague dawa. Lakini pembeni iliandikwa: kimekatwa Jumamosi, saa mbili asubuhi.

— Saa mbili batu yote balikuwa ku mutaro, alisema Muyisa. Hizi zilikuwa wapi?

— Mu titi ya mama Sikitu, chef, alijibu Kavuo.

— Donc zilijificha. Ramani ni saisie, haitoki hapa, mupaka zilete jeton ya kuonyesha zilifanya salongo.

Sikitu, aliyekuwa kwenye benchi, alitengeneza mtandio wake.

— Papa chef, zilinikaidi miye mbele ya kukukaidi weye. Acha ramani iende, docteur azikamate.

— Hapana. Sheria ni sheria.

Kavuo akachukua karatasi ya procès-verbal, ya kuandikia makosa.

— Chef, ile saa mbili ulikuwa unapumua?

— Kidogo.

— Basi na jeni zako zilitumika kazi ya kwao ile saa. Niandike?

Muyisa alifikiri. Alikuwa amepumua kutoka saa moja mpaka saa nne, tena mbele ya mashahidi. Akaomba kalamu: «Kila mwenye jeni inayofanya kazi Jumamosi amesamehewa salongo.» Akapiga mihuri mitatu. Wino haujakauka, Sikitu na ramani yake walishapanda pikipiki kwenda Beni.

Jumamosi iliyofuata hakutoka mtu. Kila mlango ulibandikwa nakala ya msamaha. Meya alikuta mtaro umeziba, na Muyisa amesimama peke yake.

— Batu bako wapi?

— Biko na dispense, mayor. Bote biko na jeni.

— Na ya kwako nani alisaini?

Muyisa hakuwa nayo. Chef hajisainii mwenyewe. Meya akampa pawo ya kuzolea matope.

Muyisa alikuwa na matope hadi magotini pikipiki ya kutoka Beni ilipopunguza mwendo. Sikitu alikuwa nyuma, mfuko wa dawa mapajani.

— Courage, papa chef. Jeni za kwangu, docteur ameshajua fasi zinatumikia. Na za kwako, leo tunaziona sisi bote zikitumika ku mutaro.