Ufunguo wa Lango la Hoikkavaara

Jumanne, 12 Novemba

Naomba radhi, daftari. Sijakuandikia tangu Pasaka. Si uvivu. Mistari yako imefifia mno. Nadhani kiwanda kinabana wino. Mke wangu Hilkka anasema mistari ipo palepale, ni macho yangu ndiyo yaliyohama. Sikumjibu. Mtu aliyesimamia stesheni ya reli kwa miaka thelathini na miwili hajibu kila neno.

Habari ni kubwa! Jumapili chama chetu cha walenga shabaha cha Hoikkavaara kinamchagua mkuu wa uwanja. Kwa miaka kumi na tisa ufunguo wa lango umening'inia kwenye msumari wangu, kando ya saa. Sikuwahi kupata mpinzani. Leo Sisko Moilanen, katibu wetu, amepiga simu kuniarifu kwamba safari hii yupo. Nikauliza ni nani. Akaniambia nikae kwanza. Nikakaa.

Ni Reijo! Reijo Tolvanen, kaka yake Hilkka, tumbo moja! Mtu anayekuja kuoga katika sauna yangu kila Jumamosi na kuondoka na mkate wa iliki chini ya kwapa!

Nikampigia papo hapo. Hakuona haya hata kidogo. "Usikasirike, shemeji," akasema. "Watu wanasema siku hizi humwoni mtu mpaka akukanyage."

Uzushi. Juma lililopita tu nilimsalimia vizuri sana pale njia panda, nikamuuliza hali ya mgongo wake. Hilkka anadai kwamba nililisalimia pipa la mchanga la manispaa. Basi ndiyo maana halikunijibu. Nilidhani Reijo amenuna.

Jumatano, 13 Novemba

Wazo! Limenijia kwenye kikombe cha nne cha kahawa, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Mazoezi ya kulenga shabaha katika mwanga hafifu!

Hoja yangu ni hii. Reijo amevaa miwani tangu darasa la tatu. Utusitusi ukiingia, huendesha gari kama anayesukuma toroli lililojaa mayai. Mwezi huu, huku kwetu kaskazini, jua linazama saa tisa alasiri. Kwa hiyo Jumamosi saa tisa na nusu wanachama wataona kwa macho yao nani anaona na nani haoni. Jumapili watapiga kura. Lo! Nilicheka mpaka Hilkka akaja kutazama.

Nimetunga sheria kumi na nne. Ya kwanza: hakuna kutia risasi kabla ya amri ya Sisko. Usalama ni usalama. Ya tisa: nafasi za kulala kifudifudi na kupiga zitapatikana kwa kura. Ya kumi na tatu: shabaha ikikutwa na matundu ya ziada, mwenye shabaha ahesabiwe yaliyo bora. Ninajivunia hiyo ya kumi na tatu. Mwenye nyumba halaumiwi kwa ajili ya wageni wasioalikwa.

Nikamsomea Sisko sheria zote kwenye simu. Akauliza kama tunakwenda kupiga shabaha au kumhukumu mwizi wa ng'ombe. Ila amekubali. Atawasha taa ndogo za gari lake, zielekezwe kwenye shabaha, na atapika supu ya njegere.

Ijumaa, 15 Novemba

Siku ya kazi za siri. Kwenye koti langu huning'inia kiakisi, kile kidude cha plastiki kinachorudisha mwanga ili magari yakuone barabarani. Changu kina umbo la garimoshi. Nilipewa siku niliyostaafu. Leo nimelikata gurudumu moja, dogo kama ukucha. Nikaenda uwanjani peke yangu (ufunguo!) nikalibandika katikati kabisa ya shabaha namba nne. Kisha nikarudi hatua hamsini na kuwasha kurunzi.

Nyota! Nyota halisi, inakonyeza! Shabaha nyingine zote zilikuwa uji mtupu. Nikacheza hatua tatu za dansi ya tango peke yangu kwenye theluji, nikaangukia benchi. Mtu alikuwa amelisogeza. Nitapeleleza ni nani.

Dhamiri? Nimeihoji. Jibu: ninayemsaidia ni mimi mwenyewe, sijamdhuru mwingine.

Limebaki suala la kura. Nimekata vikaratasi vitano, kwa kuwa tutakuwa walengaji watano. Vinne vitaingia kofiani. Chenye namba nne kitalala kwenye kidole gumba cha glavu yangu. Nitatumbukiza mkono, nitautoa, na hicho hapo! Nimejaribu mara ishirini jikoni. Hilkka akaniuliza kuna nini kwenye kidole gumba. Nikamwambia ni baridi yabisi.

Jumamosi, 16 Novemba

Nieleze kwa utaratibu.

Saa tisa na dakika ishirini. Nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Bendera nyekundu juu, supu motoni, moshi umenyooka kama mlingoti. Walengaji: mimi, Reijo, mwalimu wa shule na wale mapacha wa kiwanda cha mbao. Wengine wa chama walikuja kutazama na kunywa supu. Reijo alikuwa mnyonge. Alifuta miwani mara tatu na kuwaambia mapacha kwamba kwa giza hili labda risasi yake itaangukia nchi jirani, Sweden. Moyo wangu ulikuwa unapiga kinanda.

Kura. Sisko akashika kofia yake ya sufu. Kwa cheo changu nilitangulia. Nikatumbukiza mkono kofiani, glavu ikiwa mkononi.

"Vua glavu, Oiva," Sisko akasema. "Hii ni kura, huvui samaki."

Nikasema nina baridi yabisi. Akasema hata yeye anayo. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikaivua. Kikaratasi kilibaki gumbani, kimejikunja kama mtoto aliyegoma kwenda shule! Nikachukua nilichokipata. Namba tatu.

Wakafuata mapacha na mwalimu. Wa mwisho alikuwa Reijo, naye akakuta kofia tupu. Akaigeuza ndani nje, akaitikisa, akachungulia. "Mimi nimefutwa kabla ya Jumapili?" akauliza, na watu wakacheka. Sisko akaniuliza nilikata vikaratasi vingapi. Nikasema vitano, nikalaumu upepo. Wote wakautazama ule moshi ulionyooka. Sisko akaamua: mtu aliyebaki apewe nafasi iliyobaki.

Namba nne!

Tulilala kifudifudi. Sisko akawasha taa ndogo za gari, akatoa amri ya kutia risasi, kisha akapaza sauti: "Piga!"

Daftari, nitasema kweli kwa kuwa wewe huna mdomo. Mbele yangu sikuona shabaha. Sikuona hata ubao. Niliona weupe mtupu, kama maziwa ya kunywa. Kando kidogo, upande wa kulia, nyota yangu ikakonyeza. Jicho likaenda lenyewe, na kidole kikalifuata. Risasi tano! Tano nzuri mno, pumzi imetulia, bega imara, kama siku za jeshini! Nilisimama nikiwa na furaha ya bwana harusi. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipovua viziba masikio.

Tukakagua kwamba bunduki ni tupu, bendera ikashushwa, tukaenda kuhesabu. Shabaha namba tatu ilikuwa safi kama shuka ya hoteli. Sifuri. Ya nne ilikuwa na matundu kumi: matano yametawanyika pembeni kama kuku waliofukuzwa, matano yamebanana katikati kama mayai kiotani.

Sisko akasoma sheria ya kumi na tatu kwa sauti. Reijo: arubaini na tisa kwa hamsini! Mapacha wakamnyanyua juu. Mwalimu akasema hajaona mlengaji wa gizani kama huyu maishani mwake.

Nilifungua mdomo niseme kwamba matano yale ni yangu! Yangu! Ila mkuu wa uwanja anayepiga shabaha ya mwenzake si mkuu wa uwanja tena. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nikaufunga mdomo. Nikala supu. Ilikuwa na chumvi, au labda nilikuwa ninalia.

Jumapili, 17 Novemba

Hakuna kura leo! Subiri.

Jana jioni Reijo alikuja kuoga kama kawaida. Tuliketi juu kwenye mvuke, bila nguo, kila mtu na ndoo yake. Nilimwaga maji juu ya mawe ili asinione uso. Akanyoosha mkono, akaweka kitu kati yetu juu ya ubao. Gurudumu la garimoshi.

"Nimelibandua kabla Sisko hajaliona," akasema. "Kile kiakisi nilikununulia mimi, shemeji. Nilizunguka mji mzima kukitafuta. Nilitaka magari yakuone."

Nikaongeza maji.

Akaniambia hautamani ufunguo hata kidogo. Lango lenyewe huganda, na mgongo wake haufai kusukuma. Ila aliniona majira ya joto nikimwamuru mwalimu aache kupiga, kumbe mwalimu alikuwa nyumbani na niliyekuwa nikimwamuru ni mti. "Siku moja utaruhusu watu wapige mtu akiwa bado kule mbele kwenye shabaha," akasema. "Nitamwambia nini dada yangu?"

Kisha akanipa masharti yake. Niende kwa daktari wa macho. Cheti kikisema ninaona, atalifuta jina lake. Kikisema sioni, nimwachie ufunguo, nipasuliwe macho, na majira ya kuchipua ataurudisha kwenye msumari wangu mwenyewe. Leo mkutanoni akamwomba Sisko aahirishe kura kwa juma moja. Hakutaja sababu. Nilimshika mkono mbele ya watu wote. Ni mtu mwema, Reijo. Jioni nilimwambia Hilkka kwamba nimeguswa sana.

Jumanne, 19 Novemba

WAZO!

Kwa nini niache macho yapimwe bila maandalizi? Treni haiondoki bila ratiba. Leo asubuhi nimekwenda kituo cha afya na kusema ninakuja kuulizia chanjo ya mafua. Muuguzi alipotoka, nikaingia chumba cha macho. Ubao wa herufi upo ukutani! Kwa mbali ulikuwa maziwa. Nikausogelea mpaka pua ikagusa, nikanakili mistari yote minane. Muuguzi akanikuta hapo, pua ukutani. Nikamwambia ninausifu uchapaji wao. Akanichoma chanjo.

Sasa ninaijua yote kwa moyo! Mstari wa kwanza E. Wa pili H, T. Wa tatu U, K, L. Ninaiimba kwa mpangilio wa stesheni za njia ya kaskazini, kwenda na kurudi. Mchana nimemwimbia Hilkka yote minane bila kosa hata moja. Amesema daktari hutumia ubao mwingine, wenye tarakimu, na kwamba kupasuliwa ni dakika ishirini tu na kahawa hutolewa. Hilkka hukosea mambo mengi. Amelisema hilo huku akimpigia Reijo simu, na wote wawili walicheka muda mrefu; nadhani walikuwa wanazungumzia mambo ya kwao.

Nitapimwa Alhamisi, saa nne na robo. Nimeng'arisha msumari wa ufunguo. Nimeanza pia kutunga sheria za mazoezi ya Januari: gizani kabisa, bila taa hata moja! Sheria ishirini na mbili!

Daktari akishaamua, daftari, utakuwa wa kwanza kujua. Nitauandika uamuzi wake kwa herufi kubwa, ukurasa mzima, nipate kuusoma.