Bwana Kimya na Bomba la Moshi

Jumatatu, 10 Machi

Shajara, niwie radhi. Tangu mwaka uanze sijakuandikia hata mstari mmoja. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na shughuli. Niliona tu kwamba maisha ya mkutubi mstaafu hayana la kuandikwa: kuamka, kusoma gazeti, kusahihisha gazeti, kulala. Leo lipo. Jana nimepata mjukuu. Wa kiume, wa kwanza, mwenye paji la uso langu. Mke wangu anadai ni la kwake. Wakati utaamua.

Mambo yalivyo ni haya. Binti yetu amejifungua kwa upasuaji, kwa hiyo atalala hospitali hadi Ijumaa. Mumewe yuko safarini kikazi. Nani basi atawaleta nyumbani? Mimi. Nilitangaza hivyo wodini, nikiwa nimesimama wima, mbele ya wauguzi na wazazi wa vitanda vya jirani.

Binti yangu akauliza kama nasema habari za gari lile. Nikamjibu kwamba ninalo moja tu. Akasema, "Baba, lile linanguruma kama trekta, na moshi unaingia mpaka ndani. Mwanangu hapandi mle mpaka litengenezwe. Wewe mwenyewe juzi umeshuka unakohoa."

Ni kweli kwamba bomba la moshi limetoboka. Ni kweli pia kwamba mtu aliyewanyamazisha wasomaji maktabani hadi mtaa mzima ukambandika jina la Bwana Kimya hapendezi akipita na kishindo kile. Lakini kutoboka si kufa.

Hapo ndipo alipojipenyeza Babu wa Pili. Huyo ni baba wa mkwe wangu, muuza magodoro. Jina hilo nimempa mimi, humu tu, kwa sababu alifika hospitali baada yangu. Ana gari kubwa jeupe linalotembea kama paka juu ya zulia. Akasema, kwa sauti yake ya dukani, "Mkwe, usijichoshe. Langu lipo, nitawafuata mimi." Nikamwambia kwamba Ijumaa gari langu litakuwa limetulia kuliko magodoro yake. Akacheka. Wauguzi nao wakacheka. Binti yangu hakucheka. Alisema atalisikiliza kwanza kwa masikio yake, na kulinusa kwa pua yake.

Haya. Alisikilize.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi yote nimelala chini ya gari. Fundisho la kwanza: tandika gunia, si shuka la mke.

Tundu nimelipata. Liko karibu na lile pipa dogo ambalo mafundi huliita sailensa. Kazi yake ni kuzuia kelele. Tulitazamana kama watu wa idara moja.

Bomba lililopasuka halina tofauti kubwa na kitabu kilichochanika mgongo, na vitabu nimejalidi mamia. Nikatoa gundi yangu ya kujalidia, kitambaa kigumu cha majalada na mfupa wa kulainishia mikunjo. Nikalizungushia bomba tabaka baada ya tabaka, kingo zimekunjwa kwa ndani, hakuna hata kiputo kimoja cha hewa. Kazi safi. Mke wangu akainama, akaangalia, akauliza kama siku hizi vitabu hutoa moto. Nikamfafanulia kwamba suala si moto, suala ni mshikamano.

Suala lilikuwa moto.

Sikufika hata kona. Ilianza harufu ya kwato zinazoungua, kisha moshi mzito. Jirani yetu kinyozi akatoka mbio na ndoo ya maji, mteja wake akimfuata nyuma, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Kinyozi alilimwagia gari maji, akanimwagia na mimi. Akasema ni bahati mbaya. Sina hakika. Niliwahi kumkosoa kuhusu maandishi ya ubao wa duka lake.

Nguo za mke wangu zilizokuwa kambani zimenuka moshi. Zimefuliwa upya. Aliyezifua ndiye anayeandika maneno haya.

Hata hivyo jaribio limezaa elimu. Gundi haifai. Chuma kwa chuma. Nimelala usingizi mzuri mchana.

Jumatano, 12 Machi

Leo nusura niwe shujaa.

Nilihitaji bati jembamba linalokunjika. Kabatini palikuwa na kopo la maziwa ya unga, zuri, jipya. Maziwa nikayahamishia kwenye chombo cha maua. Nikalikata kopo kwa mkasi wa bati, nikalizungusha kwenye tundu, nikalibana kwa vibanio viwili vya mpira wa maji, nikakaza hadi mishipa ya shingo ikanitoka. Nikawasha. Gari likanong'ona.

Nikamwita mke wangu aje asikie. Akaja, akasikia, akakubali kwamba kweli limepungua. Kisha akauliza kwa nini chombo cha maua kina unga. Nikaona ni vyema niondoke nikalijaribu barabarani.

Kwa bahati tu, barabara niliyoichagua inapita mbele ya duka la magodoro. Nilipita polepole, kioo kimeshushwa, kiwiko nje. Babu wa Pili hakuinua kichwa. Nikageuza, nikapita tena. Alikuwa anampimia mteja. Nikageuza tena. Safari hii aliinua kichwa, kwa sababu kopo lilichomoka upande mmoja na kuanza kuburuzwa juu ya lami, likilia kama harusi nzima imefungwa nyuma ya gari langu. Wateja wakatoka. Fundi cherehani wa duka la pili akatoka na futi yake shingoni.

Nilisimama. Nikashuka kwa heshima. Nikaliokota kopo kwa mkono.

Lilikuwa la moto sana.

Babu wa Pili akaita kutoka kibarazani, "Mkwe, umeangusha maziwa." Watu wakaangua kicheko. Akaniletea barafu kwenye kitambaa, akanishika bega, akaniambia nisijali, Ijumaa yeye atakuwepo. Hayo ndiyo yaliyoniuma kuliko vidole.

Nimegundua kosa. Vibanio vilikuwa vidogo. Wazo lenyewe lilikuwa sahihi kabisa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda hospitali na vidole vimefungwa bandeji. Muuguzi akauliza kama mimi ni mgeni au ni mgonjwa.

Binti yangu aliniwekea mtoto mapajani. Mtoto akaishika ile bandeji kwa mkono wake wote, akaing'ang'ania. Nilitaka kumweleza kuhusu vibanio, nikaona bado ni mapema.

Binti yangu akasema kwa sauti ya chini, mama yake asisikie, "Baba, kelele mimi sina shida nazo. Nimekua nazo. Ule moshi ndio unaonitisha. Mapafu yake bado kama ya kifaranga. Usinikasirikie nikimkabidhi mtu mwingine."

Nilimwambia tutaona kesho, nikarudi nyumbani kwa miguu, nikifikiri njia nzima. Moshi unaingia ndani ya gari, lakini tundu langu liko nyuma. Basi lipo jingine mbele. Hii ndiyo faida ya kufikiri.

Lipo. Niliosha bomba lote kwa povu la sabuni, gari likiwa la baridi, kisha nikawasha na kuchungulia. Mahali bomba linapopita chini ya kiti cha abiria, povu lilikuwa linachemka mapovu kama sufuria ya uji. Pale pale ambapo mjukuu wangu angekaa.

Nilikaa kitako juu ya gunia kwa muda.

Kisha nikafanya kazi kama sijawahi kufanya. Nimenunua ute wa kuzibia mabomba ya moshi, ule unaokauka na kuwa kama jiwe. Nimesugua kutu yote. Nimeziba tundu la mbele na la nyuma, juu yake bati nene, juu ya bati vibanio vikubwa. Mke wangu alinishikia tochi. Alipoona nimemaliza alisema, "Hii sasa inaonekana kama kazi." Naandika maneno hayo yalivyo, kwa kuwa hayatokei mara kwa mara.

Kwenye kopo la ute imeandikwa kwamba lazima uachwe ukauke siku nzima kabla ya kuwasha gari. Maelekezo ya namna hiyo huandikiwa watu wasio na uzoefu. Asubuhi utakuwa tayari.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Babu wa Pili amefika na gari lake jeupe, eti kuona kama kuna la kusaidia. Kinyozi naye akavuka barabara. Nilifurahi. Ushahidi hauna maana bila mashahidi.

Kinyozi alisema njia ya kujua kama bomba linavuja ni kuziba mdomo wake wa nyuma kwa kitambaa na kuwasha gari. Penye tundu patapiga mluzi. Rai nzuri, ingawa imetoka kwake. Nikashindilia tambara mdomoni mwa bomba, nikashindilia barabara. Nikaingia, nikawasha, nikashuka, nikasikiliza.

Hakuna mluzi. Hakuna mngurumo. Hakuna chochote. Kimya ambacho sijawahi kukisikia hata maktabani wakati wa mitihani.

Niliwageukia. Nilisema maneno machache kuhusu subira, kuhusu watu wanaokimbilia kwa mafundi kabla ya kutumia akili zao, na kuhusu jinsi kelele ilivyo dalili ya uzembe. Babu wa Pili alinisikiliza kwa adabu, mikono nyuma. Nilikuwa nimefika kwenye suala la malezi mke wangu aliponigusa mkono.

"Mume wangu," akasema, "limezimika."

Lilikuwa limezimika tangu mwanzo wa hotuba.

Nikawasha. Likakataa. Nikawasha tena. Likakohoa. Kinyozi alikuwa anapiga kelele jambo fulani kuhusu tambara, lakini mimi sifundishwi gari na mtu wa mkasi. Nikakanyaga mafuta, nikawasha kwa nguvu. Mshindo uliofuata umemtoa paka wa kinyozi juu ya bati, na hadi naandika hajarudi. Tambara halikutoka. Kilichotoka ni ute wangu, bati langu na kibanio kimoja kikubwa, ambacho kimekutwa ndani ya beseni la mke wangu.

Kinyozi akalichomoa tambara. Gari likawaka. Lilikuwa na sauti ambayo sikujua gari dogo linaweza kuwa nayo.

Mke wangu akapanda gari jeupe. Alisema atatangulia. Mimi nikawafuata vioo vyote vimeshushwa, kwa sababu nilikuwa nimetoa ahadi, na ahadi haizimiki.

Mlinzi wa hospitali alitoka kwenye kibanda chake kabla sijafika langoni. Akaweka kidole mdomoni. "Mzee, zima hilo. Hapa pana wagonjwa. Kimya, tafadhali."

Maneno hayo nimeyatamka maisha yangu yote, kwa kidole hicho hicho. Sikuwahi kujua yanavyosikika upande huu. Nikazima. Nikalisukuma gari hadi ndani ya lango, mlinzi akinisaidia, mkono mmoja bado uko mdomoni.

Binti yangu alikuwa amekwisha shuka, amesimama ngazini na mtoto. Hakuhitaji kuuliza. Alisema amenisikia tangu barabara kuu. Akaliangalia gari langu, akaliangalia la Babu wa Pili, akasema mtoto atapanda lile jeupe. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa natafuta mahali pa kutazama.

Ndipo akasema, "Ila kidonda kinaniuma, siwezi kumbeba njia nzima. Na simpi mwingine. Panda nyuma, Baba, umshike."

Basi nimepanda. Mke wangu kulia kwangu, binti yangu kushoto, Babu wa Pili usukani, ametulia kama dereva wa serikali. Mtoto alinitazama njia nzima. Mlangoni kwetu nilishuka naye mimi. Kwa hiyo na iandikwe: ni mimi niliyemleta mjukuu nyumbani. Gari ni jambo dogo.

Jumapili, 16 Machi

Gari langu liko kwa mchomeleaji. Mke wangu amelipeleka bila kunishirikisha, likivutwa kwa kamba. Inasemekana atakata bomba lote na kuweka jipya. Njia ya mtu asiye na ubunifu.

Lakini lipo jambo zito zaidi. Juzi, nikiwa kiti cha nyuma na mtoto, nilisikia kitu. Sauti nyembamba, kama mtu anayepuliza chai, kutoka chini ya gari jeupe. Sikusema kitu, haikuwa siku yake. Leo Babu wa Pili amekuja kumwona mtoto, nimemwambia. Akasema hajawahi kuisikia. Nikamtoa nje, nikamwambia awashe, akainama, akasikiliza. Uso wake ukabadilika.

Nikamweleza kwa upole kwamba tundu likiwa dogo ndio wakati wake, kwamba mjukuu wetu hawezi kupanda mle tena lisipozibwa, na kwamba mimi ninao ute uliobaki, zaidi ya nusu ya kopo, na uzoefu wa wiki nzima. Mke wangu alikuwa dirishani. Akamwambia, "Mkwe, ukimpa funguo, mpe na kadi ya gari kabisa." Binti yangu akacheka hadi akashika kidonda, akaniomba kwa jina la mtoto nikae chini.

Babu wa Pili hakukataa. Alisema atafikiri, atazungumza na mkewe, atanipa jibu. Sasa wako ndani, wanakunywa chai, na gari lake liko kivulini mwa ukuta wangu. Nimechungulia tu. Nati mbili nimezilegeza, kumrahisishia.

Akishaamua, nitaandika.